Kamera Isiyo na Sauti

Jumatatu, 3 Juni

Baba Kidoti,

Mwanao sasa hivi amevua kiatu kimoja, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, halafu akanigeukia na kunikazia macho aone nitafanya nini. Nilitaka kukasirika, ila ule uso alioweka, kama hakimu anayemsubiri shahidi, ulinishinda, nikacheka. Maji nimemwaga. Kiatu nimekianika dirishani. Yeye kaingia chini ya meza ya cherehani anavua cha pili.

Basi hilo ndilo linalonikosesha raha. Vituko vya namna hii anafanya kumi kwa siku, na mimi nikikuandikia vinakufikia vimepoa. Uliondoka ana mwaka na nusu, anatembea kama bata, na leo anakaribia mitatu, anakimbia mpaka anagonga ukuta. Utarudi umkute mtu mzima anakuuliza wewe nani.

Mke wa mpishi wenu ameniambia kitu. Anasema simu mnanyang'anywa getini kwa sababu ya baruti, hilo nalijua, lakini kadi ndogo ya memori inapita ikiwa ndani ya bahasha, na bwaloni kwenu kuna televisheni kubwa inayosoma kadi hizo. Yeye alimpelekea mumewe video ya harusi ya shemeji yake. Nami nataka. Simu yangu hii ya tochi unaijua, ikikupiga picha unatokea kama umezama kwenye uji. Nimeweka kando pesa ya kushona sare, nanunua kamera ya video. Ndogo, ya bei nafuu, ya mtu anayeanza. Niambie nitazame nini, maana nikiingia dukani kichwakichwa watanipiga chenga.

Lori linaondoka Alhamisi. Jibu haraka, nina kiherehere.

Wako,
Mama Kidoti


Jumamosi, 8 Juni

Mama Kidoti,

Barua nimeisomea mlangoni mwa handaki, vumbi la mwamba bado limo puani. Hicho kiatu ndani ya ndoo nimewasimulia watu wote mpaka msimamizi akaniuliza kama nalipwa kutoboa mwamba au kupiga soga.

Kuhusu kamera nimemfuata Mpimaji wetu wa handaki, kabla ya kuja huku alikuwa anapiga video za harusi. Akaniuliza, "Unataka kupiga nini?" Nikamwambia mtoto, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Akasema basi usihangaike na kamera ya kuvuta vitu vya mbali, mtoto hayuko juu ya mlima. Utafute lenzi inayoona vizuri penye mwanga hafifu. Ukiwa dukani usiijaribu mlangoni kwenye jua, ingia nayo kwenye kona yenye giza, upige picha hapo. Betri iwe ya kutoka, ikichoka ununue nyingine. Na namba kubwa zilizoandikwa ubavuni usizitie maanani, anasema hizo ni za kutolea watu udenda.

Hayo ni ya Mpimaji. Langu mimi ni moja: sauti. Tangu mwezi wa pili uliponiandikia kwamba amesema "baba", situlii, Mama Kidoti. Nikilala nalisikia, nikishika mashine nalisikia. Nimewatangazia kambi nzima, wamenibandika jina, Baba Kasuku. Hata Mzee wa Baruti, ambaye masikio yake yaliuawa na milipuko zamani, amenisoma midomo akacheka. Sasa wanangoja kumsikia huyo kasuku mwenyewe. Picha ikiwa na giza nitavumilia. Tafuta yenye maiki nzuri.

Je, kaongeza maneno mengine? Hujaniandikia.

Ni mimi,
Baba Kidoti


Ijumaa, 21 Juni

Dada yangu, shikamoo.

Natumai saluni inakwenda vizuri na mgongo umepoa. Mimi sijambo kwa nje. Ndani nimejitia kitanzi mwenyewe, na wewe ndiye wa kunisikiliza bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kidoti hasemi, dada. Hata neno moja. Ile "baba" niliyomwandikia shemeji yako haikuwepo. Mtoto anacheka, analia, anakushika shavu akakugeuza uso umtazame, lakini neno hapana. Nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki. Mama mkwe anasema hata baba yake alichelewa, niache presha. Namwitikia ndiyo mama, halafu naingia chumbani nahesabu vidole vyangu. Hospitali sijaenda. Naogopa kuambiwa.

Sasa baba yake anataka kamera yenye sauti nzuri. Kambi nzima inangoja kumsikia mtoto.

Juzi nimekwenda kwa yule mama anayepiga picha za pasipoti, tunamwita Bibi Usicheke kwa sababu ndilo neno lake siku nzima. Duka lake upana wake ni kama mlango umelala chali. Akanitolea tatu. Ya kwanza mpya kwenye boksi, akasema, "Hii mwanangu inasikia mpaka mbu akipumua." Nikaisukuma kama imeniunguza. Ya pili ilikuwa ya kuvuta vitu vya mbali, akaielekeza ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu mpaka tukaziona nywele za pua yake, tukacheka hadi mwenyewe akatutazama. Ila betri yake haitoki. Ya tatu aliitoa chini ya kaunta, ndogo, ya kijivu, kuna mtu aliiacha akachukua kubwa. Nikaingia nayo nyuma ya pazia ambako anawapigia watu picha, taa zimezimwa, na bado nikauona uso wangu vizuri.

"Hiyo usichukue," akasema. "Ni bubu."

Dada, lile neno lilinichoma hapa.

Akatupiga video sisi wawili, akanichezeshea kwenye kioo kidogo cha kamera yenyewe. Midomo yetu inakwenda, sauti hakuna. Akaongeza sauti mpaka mwisho, kimya. "Umeona? Maiki imekufa."

Nikasema, "Nipe hiyo."

"Mama, nakuambia haisikii, wewe unaniambia nikupe? Unakwenda kupiga samaki?"

"Mwanangu mkimya."

"Na wewe je? Wewe nawe mkimya? Tangu umeingia hujafunga mdomo!"

Nimeinunua. Iko mezani hapa, mbele yangu. Baba yake atamwona mtoto wake, na mimi nitapata muda wa kupumua. Niambie kama nimekosea, lakini niambie polepole.

Mdogo wako


Jumatano, 26 Juni

Mdogo wangu, marahaba.

Polepole siwezi, nina mteja chini ya mashine ya kukaushia, akiungua ni juu yako.

Umenunua kamera bubu ili kumficha mtoto kwa baba yake. Haya, hongera. Akirudi likizo utamziba masikio kwa pamba? Mwite mtoto wako kwa nyuma, umeshamwita, hageuki, unaniuliza mimi ninayesuka nywele? Mpeleke akapimwe masikio. Unasema unaogopa kuambiwa. Usipoambiwa ndiyo atasikia?

Nimekuwa mkali, najua. Nilikubeba mgongoni ukiwa kama Kidoti, nina haki yangu. Piga video zako, mpelekee mumeo, lakini ndani ya bahasha hiyohiyo mwandikie ukweli. Karatasi moja inatosha.

Dada yako


Jumatano, 3 Julai

Baba Kidoti mpenzi,

Kadi hiyo hapo, nimeifunga kwa kitambaa cha sare isichubuke. Kamera ni nzuri kwa bei yake, penye giza inaona kama paka, mwambie Mpimaji asante. Ina kasoro moja, nakuomba usikasirike: maiki imekufa, Bibi Usicheke mwenye duka alinijaribishia kwenye kioo chake kidogo, ndiyo maana nikapunguziwa. Nyingine zote zilinishinda bei. Kwa hiyo mtaona bila kusikia.

Utamwona anakimbia kutoka mlangoni mpaka kitandani. Utamwona chini ya meza na vitambaa vyangu. Kuna mahali yuko dirishani, midomo inacheza, hapo ndipo anapokuita. Nilikaa naye mchana kutwa kupiga hiyo. Nilikuwa namwongelesha ovyoovyo kwa kuwa mashine yenyewe haisikii, kwa hiyo ukiona picha inatikisika ni mimi, mkono wangu haujazoea.

Wasalimie wote. Niandikie haraka ulivyomwona. Haraka, tafadhali.

Wako,
Mama Kidoti


Jumatano, 17 Julai

Baba Kidoti,

Lori la wiki iliyopita halikuwa na barua yako. Nikasema labda zamu zimekubana. La leo asubuhi halina vilevile.

Nilikwenda mwenyewe mpaka linapopakia. Nikamuuliza dereva, "Mume wangu yuko hai?" Akasema, "Yuko, anakula." Nikamuuliza, "Ni mgonjwa?" Akasema, "Mgonjwa gani anabeba mabomba mawili kwa mpigo?" Halafu akawa anafunga turubai kamba moja mara tatu ili asinitazame. Mtu asiyejua kitu hafungi kamba mara tatu.

Sikai nikakalika. Jana nimeshona mkono wa shati mahali pa kola, mwenye sare akaniuliza kama mtoto wake ana mkono shingoni. Nachukua mkasi nasahau nilitaka kukata nini. Kidoti naye kanigundua, kila ninapokwenda kanishika sketi, nikisimama anasimama.

Kadi ilifika? Ilikuwa imevunjika? Au ni ile kamera, umeudhika kwa sababu nilinunua isiyo na sauti? Nitukane, lakini andika. Ukikaa kimya hivi sijui pa kushika.

Mama Kidoti


Ijumaa, 19 Julai

Mama Kidoti,

Barua yako ya Jumatano imenifikia jana. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, yaliyotoka yalikuwa matusi, na karatasi huku ni adimu.

Kadi ilifika nzima. Ngoja nikuambie ilivyokuwa, kama ilivyokuwa.

Jumapili ya tarehe 7, baada ya chakula cha mchana, nimewakalisha watu arobaini bwaloni. Mpishi kaacha masufuria yake, kaja na mwiko mkononi. Nikasimama mbele kama mwalimu: jamani, haina sauti, tazameni uso tu. Mpimaji akachomeka kadi.

Kitu cha kwanza kusikika kilikuwa cherehani yako.

Maiki haijafa, mke wangu. Mpimaji amenieleza. Kilichokufa ni ile spika ndogo ya kamera, ya kusikilizia. Huyo Bibi Usicheke alijaribu kwenye kioo tu, hakuiunga kwenye televisheni. Maiki ni nzima kabisa. Inasikia mpaka mbu.

Kwa hiyo tumekusikia. Ulikuwa unasema, "Kidoti. Kidoti mama, nitazame. Sema ba. Ba. Mara moja tu, mama yako asiwe mwongo." Nadhani ulilisema mara ishirini. Ukapiga makofi nyuma yake. Ukapiga sufuria. Ukasema, "Nitamwambia nini baba yako, jamani, nitamwambia nini?" Halafu picha ikatazama sakafu muda mrefu, na wewe ulikuwa unalia.

Watu arobaini walikuwa wanatazama sahani zao, na sahani zilikuwa tupu. Mpishi akanyanyuka azime. Nikamwambia acha. Sijui kwa nini nilimwambia acha. Nilitaka kusikia mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Baba Kasuku, hata kwa bahati mbaya. Wangenicheka ingekuwa nafuu.

Mmoja tu hakuinamisha kichwa, Mzee wa Baruti. Yeye hakuwa amesikia chochote, alikuwa anatazama picha, na alikuwa anashangaa kwa nini wenzake wamenuna. Akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo, akamwashiria Mpimaji arudishe nyuma. Akarudisha. Pale chini ya meza. Unapiga sufuria mgongoni kwake, mtoto hana habari. Halafu upepo unabamiza mlango, sisi wote tukashtuka, na Kidoti anaweka kiganja sakafuni, hivi, anatulia, ndipo anageuza kichwa kutafuta. Mzee akasema irudishwe tena. Mara ya tatu akaja kwenye meza yangu, akaweka kiganja chake juu ya mbao kama yeye, na akasema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Huyu mwenzangu."

Nimemwona Mzee akifanya hivyo ukutani mwa handaki tangu nilipofika huku, kila tunapolipua. Mtoto wangu nisimjue, yeye amjue.

Nesi wa kambi, anayetupima masikio sisi wachimbaji, nimempeleka akaitazama naye. Anasema kwa kuona tu hawezi kuapa, lakini huyo si mkaidi wala si mzito wa akili, ni wa kupimwa masikio, na apimwe haraka. Barua yake kwa kliniki imo humu, imefungwa, usiifungue. Mpeleke wiki hii. Nimeomba ruhusa, msimamizi anasema mpaka tutoboe upande wa pili. Nimemwambia nitatoboa kwa meno.

Bado nina hasira nawe. Mtoto kutosema, hilo sikulaumu. Ila miezi mitano umeniacha nifurahi peke yangu, na wewe ukawa unaogopa peke yako, na tulikuwa tunaandikiana kila wiki.

Kadi ninayo. Kila jioni Mpimaji ananichomekea, natazama anavyokimbia kutoka mlangoni mpaka kitandani.

Baba Kidoti


Jumanne, 30 Julai

Baba Kidoti,

Nakuandikia juu ya goti, tuko kwenye benchi la kliniki ya masikio tangu saa mbili asubuhi. Kidoti yuko chini ya benchi anapanga vifuniko vya chupa. Nimeshanyanyuka mara tano kwenda dirishani kuuliza zamu yetu, mara ya mwisho yule wa dirishani akaniambia, "Mama, ukija tena nitakupa kazi." Nimekaa, lakini mguu unacheza wenyewe, mwandiko unisamehe.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Watu arobaini! Nimewaza kumkwepa mke wa mpishi kwa njia za nyuma mpaka nizeeke. Nikampelekea dada aisome. Ameniandikia mstari mmoja tu, nenda, na nauli kaipachika ndani.

Hasira zako ni za haki, uje nazo, nitazipokea mlangoni. Nikueleze tu ilivyoanza. Siku ile alikuwa mgongoni kwangu, akapiga miayo, ikatoka sauti, "ba". Nilikuwa nimeingoja sana. Nikakaa chini nikakuandikia kabla ya kungoja mara ya pili. Mara ya pili haikuja. Ikaja barua yako, umeandika kwa herufi kubwa kama umelewa kwa furaha, na mimi sikuwa na nguvu ya kuirudisha nyuma furaha hiyo. Kila wiki ikawa nzito kuliko iliyopita.

Tangu umeniambia habari ya Mzee, nimeanza kuona nisichokuwa naona. Nikitaka anitazame sipigi kelele tena, nakanyaga sakafu mara mbili. Anageuka! Leo hata hapa, wakisukuma kitanda cha magurudumu kwenye korido, anaweka mkono chini kabla mimi sijasikia lolote, halafu ananitazama kama kuniambia kinakuja. Juzi alinivuta mpaka mlangoni, nikafungua, mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anapanda ngazi. Mama mkwe akasema huyu mchawi, nikamwambia huyu anasikia kwa miguu kuliko wewe kwa masikio. Tukacheka, halafu akaficha uso kwenye khanga yake. Alijua siku nyingi, kumbe. Naye aliogopa.

Hapa kuna watoto wengi. Mmoja ana kidude nyuma ya sikio, mama yake anasema kinamsaidia kidogo na kila mara anakitupa. Mwingine hana chochote, wa miaka minne hivi, alikuwa anamsimulia mama yake kitu kwa mikono, haraka haraka, vidole vinaruka, na mama akaangua kicheko benchi zima tukageuka. Sikujua wamesema nini. Niliona wivu, Baba Kidoti. Nikamuuliza yule mama, hayo mtu anajifunzia wapi, na mtu mzima anaweza? Akasema ukumbi wa pili hapahapa, Jumamosi, na yeye mwenyewe alianza akiwa mkubwa kuliko mimi. Nimeandika saa kwenye kiganja.

Nimekuja na kamera. Nataka nipige humo ndani, ila mpimaji wa masikio amesema tuone kwanza. Nimechungulia chumba chenyewe, mlango wake mnene kama godoro, kuna kiti kidogo, kuna vile vya kuvaa kichwani, na taa za rangi za kumwonyesha mtoto akisikia. Ameingia mtoto wa mbele yetu, kwenye kidirisha cha mlango nikaiona taa ikiwaka, ikazima, ikakaa muda mrefu bila kuwaka. Nikajiambia ya kwetu itawaka, hata moja, hata ya mwisho kabisa. Na isipowaka bado nina mikono.

Nesi ametoka, ameshika karatasi yetu, anatuita. Watakachoniambia humo nitakuandikia leo hii hii, neno kwa neno, kiwe kitamu kiwe kichungu, sitapunguza wala sitaongeza. Tunaingia.